Vita vya Havugimana wa Birere na Majukwaa ya Fedha

Njoni, enyi wauza makaa na wauza vitenge, enyi wasukuma chukudu, farasi wetu wa mbao wenye magurudumu mawili, mnaopanda na kushuka barabara za Birere hapa Goma, enyi mama zangu wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mliotoka Kituku na mabeseni vichwani, tueni mizigo yenu, mkae juu ya mawe haya meusi ambayo mlima wetu ulitugawia bila kuombwa, mkanisikilize. Ninayo habari kubwa. Si habari ya majenerali, maana hao wana waandishi wa kutosha na wapiga picha juu yake. Wala si habari ya wakubwa wanaotia sahihi mikataba katika hoteli za mbali, kisha wakarudi kutuambia tusubiri. Ni habari ya mtu mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo, aliyesimama mbele ya majukwaa matatu ya kubadilishia fedha za kigeni, akapigana nayo kwa kidole gumba. Mungu anijalie ulimi mnyofu, umeme usikatike, nami nitaieleza yote. Atakayesinzia asije kunishika shati kesho akiuliza iliishaje.

Jina lake Anastase Havugimana, mwana wa Habineza, mume wa Mukantwari, mzaliwa wa Rutshuru na mkazi wa Majengo, rais wa wabadilisha fedha wa kona yetu, Bwana wa Mwavuli wa Manjano, Mnusa Dola, Mpima Noti kwa Jua. Watu wa kona ya pili watawaambia kwamba cheo hicho alijipa mwenyewe siku moja ya mvua, alipokuwa peke yake mwenye mwavuli. Waongo hao, na hata kama ni kweli, ni vyeo vingapi katika nchi hii vilivyopatikana kwa njia bora kuliko hiyo? Mtu huyu alikuwa akiinua noti ya dola mia mbele ya jua, polepole, kama padri ainuavyo hostia, na kona nzima ikainua shingo. Aliona kasoro ambazo hata walioichapa noti hiyo hawakuziona. Noti yenye tundu la sindano aliikataa. Noti iliyoguswa na wino aliikataa. Noti ya miaka ya zamani, ile yenye picha ya kichwa kidogo, aliikataa hata mwenye nayo akilia, kisha akaipokea kwa kile alichokiita bei ya huruma, na kwa huruma hiyo alijijengea nyumba ya mbao yenye sebule mbili.

Nami niliyaona haya yote kwa macho yangu, maana nauza mikanda ng'ambo ya barabara, na muuza mikanda ana muda mwingi wa kutazama.

Ikawa katika siku hizi zetu, benki zikiwa zimefunga milango na watu wamerudi kwenye kona na meza za mbao, kwamba Havugimana alianza kuchoka na utukufu wake mdogo. Wateja walikuwepo, lakini moyo wa shujaa haushibi wateja. Ndipo akatufikia Magloire. Magloire alitoka upande wa Bukavu, kijana wa makamo, suti ya buluu, viatu vyenye ncha ambavyo hata vumbi la Birere lilivipisha. Alikuwa akifundisha watu biashara ya fedha ya kwenye simu, katika ukumbi wa kukodi, na kwa kila mtu aliyemwingiza katika jukwaa fulani, jukwaa hilo lilimtupia yeye Magloire chochote. Hilo la mwisho hakulisema. Nalisema mimi.

Akasimama katikati ya meza zetu, akafungua mikono, akahutubia:

“Ba papa na ba mama, nawaheshimia. Lakini munakaa apa mu vumbi tangu asubui, munatoa dola munapata franga, munatoa franga munapata dola, sawa batu wanahamisha maji kutoka bidon moja kwenda ingine. Saa hii, nikisema apa, dunia muzima inabadilisha euro, yen, livre sterling, na hakuna mutu mwenye kushika noti hata moja. Yote inapita mu telefone! Na dola ya mule haipasuke. Haichafuke. Haizeeke!”

Kona ikatetemeka. Dola isiyopasuka! Walikuwepo watu pale ambao maisha yao yote yaliharibiwa na mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto. Havugimana akainuka kitini, akarekebisha kola, akauliza kwa sauti ya mtu anayelijaribu jeshi la adui kabla ya kulishambulia:

“Hiyo dola ya mule, iko ya kichwa kikubwa ao ya kichwa kidogo?”

“Papa Président,” akajibu Magloire, “haiko na kichwa. Ni chiffres, namba tu.”

Dola isiyo na kichwa! Kama Magloire angesema ameona ng'ombe akisoma gazeti, watu wasingeshangaa zaidi. Lakini Havugimana hakurudi nyuma. Macho yake yaling'aa kwa namna ambayo Mukantwari, mkewe, anaijua na kuiogopa.

Magloire akaeleza kwamba majukwaa yapo mengi, ila yeye amewachagulia matatu yaliyo bora: la Kijani, la Tausi, na Jeusi. Jukumu la rais ni kuchagua moja katika hayo, na kona kuweka humo mtaji wake wa kwanza, kisha kungoja uzae. Mtaji gani? Hapo ndipo macho yote yalipogeuka kwa Kahambu.

Kahambu, binti wa Butembo, ndiye mtunza likelemba ya kona. Asiyejua likelemba na ajue: kila mmoja huchanga kidogo kila juma, na mwezi ukiisha mtu mmoja hupokea chungu chote, mwezi unaofuata mwingine, mpaka mzunguko ukamilike. Pesa hizo Kahambu huzifunga ndani ya kitenge, kitenge hukifunga kiunoni, na kiuno hicho hakijawahi kufikiwa na mwizi wala na mume. Na zamu ya mwezi huo ilikuwa ya Uwizeye.

Uwizeye alikuwa wa mwisho kuingia konani, mjane aliyekaa ncha ya mstari akiuza vocha za simu na chenji ndogondogo. Kwao Rutshuru alikuwa fundi wa nguo. Vita vilimtoa huko, akaishi chini ya turubai katika kambi ya Kanyaruchinya, na turubai zilipoondolewa akashuka Majengo na watoto wake na sufuria. Cherehani yake aliiacha nyumbani. Leo mtu mwingine asiyemjua ndiye anayeishonea. Kwa mfanyabiashara mmoja wa Birere kulikuwa na cherehani ya pedali, ya chuma, ya kizamani, nzuri, na mfanyabiashara huyo alikuwa amemwahidi kumtunzia mpaka Jumamosi jua linapozama. Baada ya hapo angeiuza kwa yeyote, na yeyote huyo alishaanza kupita dukani kila siku kuipapasa. Likelemba hiyo ndiyo iliyokuwa cherehani. Kila mtu alilijua hilo, hata mimi wa mikanda.

“Likelemba ni ya Uwizeye,” akasema Kahambu, mkono kiunoni. “Telefone ya mugeni isiiguse.”

Ndipo Havugimana akapanda juu ya kiti chake, mwavuli wa manjano nyuma yake kama jua la pili, akaapa kiapo chake kikuu:

“Kahambu! Weye unaona kitenge, mimi naona mbali! Sikilizeni, batu ya kona! Ni mimi Havugimana, mutoto wa Habineza, mwenye hata noti moja ya uongo haijamupita. Mbele ya Jumamosi jua ilale, nitakuwa nimechagua plateforme. Likelemba ya Uwizeye itaingia moja, itatoka mbili! Machine atanunua, na kitambaa, na kiti ya kukalia!”

Wakapiga makofi. Uwizeye akasimama, akashika ncha ya kitenge chake, akasema taratibu:

“Papa Président, mimi naogopa. Lakini ni mimi wa mwisho kuingia apa. Mukishasema, nitafanya aje?”

Havugimana akaweka mkono kifuani na kumwambia asiogope. Nilimwonea Uwizeye huruma, na nikamkasirikia Havugimana, na bado nikabaki kutazama, kwa sababu ndivyo tulivyo sisi watazamaji.

Basi vita vikaanza. La kwanza kushambuliwa lilikuwa jukwaa la Kijani, ngome ya kale, yenye sifa njema ulimwenguni kote. Havugimana akaingia lango la kwanza akiwa na jina lake, akapita. Lango la pili akiwa na tarehe ya kuzaliwa ambayo yeye na mama yake hawakuwahi kukubaliana, akapita. Lango la tatu akaambiwa athibitishe kwamba yeye si mashine, aguse kila picha yenye taa za barabarani. Mtu aliyezeeka kwenye mizunguko ya barabara ambayo mwenye amri ni polisi na filimbi yake! Akagusa nguzo, akagusa tangazo la bia, akagusa mwezi, na kwa rehema za Mungu akapita. Lakini lango la nne lilimtaka namba ya posta.

“Goma haina namba ya posta,” akasema Havugimana.

“Andika yoyote,” akasema Magloire.

Shujaa akakataa. Kudanganya mbele ya mlango mkubwa namna ile kulikuwa chini ya heshima yake. Akaandika anwani yake kweli kweli, jinsi anavyoelekezwa kila mgeni: Majengo, nyuma ya kanisa ya mbao, mlango wa bleu, ukifika uliza mama wa makaa. Kijani likajibu kwamba anwani hiyo haipo duniani. Likaomba risiti ya maji yenye jina lake. Maji ya Havugimana huja ndani ya madumu mgongoni mwa chukudu, na anayeyaleta akamwandikia risiti kwa moyo mmoja, juu ya kipande cha katoni: Papa Anastase, maji, safi. Katoni ikapigwa picha, ikatumwa. Kijani likaandika maneno ya huruma kwa Kifaransa na kufunga lango. Kona ilihuzunika, isipokuwa mwenye chukudu, ambaye alisema hajawahi kudharauliwa hivyo tangu aanze kazi.

Siku iliyofuata akalikabili jukwaa la Tausi. Hili halikutaka anwani, lilitaka uso. Havugimana akatoa kadi yake ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu sote, na ambayo picha yake, kwa jua na jasho na kukaa mfukoni, ilikuwa imefifia mpaka ikabaki kivuli chenye masikio. Tausi likamwambia ajipige video, ageuze kichwa kulia, ageuze kushoto, atabasamu. Kona nzima ikaja kumshauri. Mmoja akasema ainue kidevu, mwingine akasema avue kofia, Kahambu akasema atabasamu kama mtu na si kama mtu anayeumwa jino. Shujaa akageuza, akatabasamu, chini ya mwavuli wake wa manjano, na uso wake ukaingia kwenye simu ukiwa wa manjano kama embe. Tausi likajibu: uso huu hatuutambui.

Tazameni uchungu wa jambo hilo. Mtu aliyewatambua kwa mbali wakubwa wote marehemu waliochorwa kwenye noti za Amerika, aliyejua mikunjo ya vipaji vya nyuso zao na urefu wa nywele zao, yeye mwenyewe hakutambulika. Akaishusha simu mezani, akasema:

“Mimi nawajua bote. Hata mumoja wao hanijue.”

Na hapo, jamani, niliacha kucheka kidogo.

Ijumaa ikafika. Uwizeye alikuwa amepita dukani asubuhi kuitazama cherehani, akarudi kuuza vocha zake. Na ndipo Magloire, kwa sauti laini, akamwongoza shujaa wetu kwenye jukwaa Jeusi. Enyi wasikilizaji, mlango wa Jeusi haukuwa na mlinzi. Halikutaka kadi, halikutaka anwani, wala halikujali kama yeye ni mtu au ni mashine. Alipoandika jina tu, ikatokea picha ya mwanamke mzungu mwenye meno meupe, aitwaye Sophie, akamwandikia kwa Kifaransa kilichopigwa pasi: Karibu, mpendwa Anastase! Tulikuwa tukikungoja.

Mpendwa Anastase! Baada ya kufukuzwa kwenye ngome mbili, akapata nyumba inayomwita mpendwa. Havugimana alinyoosha mgongo, akawaonyesha simu wote waliokuwa na macho, akaipeleka mpaka kwa Mukantwari, aliyeitazama picha ile na kumwuliza huyo Sophie ni nani wa nani.

“Munaona?” akasema Magloire. “Hii njo iko na heshima. Leteni likelemba, wakala wa kutuma feza iko apa pembeni.”

“Kahambu!” akanguruma Havugimana. “Fungula kitenge!”

Kahambu hakufungua. Akatazama upande wa Uwizeye, na Uwizeye akatazama chini. Ningependa kuwaambia kwamba hapo hekima ilimshukia shujaa wetu kutoka juu. Haikumshukia. Kilichomshukia ni majivuno, na siku hiyo majivuno yalifanya kazi nzuri kuliko hekima. Alitaka Sophie, huko aliko, aelewe kwamba hapokei pesa kutoka kwa watu wa ovyo. Alitaka ajue kwamba kona yetu ina desturi zake.

Na desturi yetu ni hii. Mtu mgeni akija na meza yake kukaa nasi, au akija na bunda kubwa la kubadilisha, hatumwambii neno kwanza. Tunampa noti moja ndogo. Anaishika, kisha tunamwomba aturudishie, naye anaturudishia palepale, bila swali, bila kisingizio. Hiyo inaitwa noti ya salamu. Aliyerudisha anapewa kiti. Aliyesitasita anaonyeshwa barabara. Na aliyemleta mgeni ndiye anayelipa deni la mgeni wake. Havugimana alimwona Sophie waziwazi akilini mwake, ameketi mahali fulani Ulaya nyuma ya meza ya mbao, chini ya mwavuli, mabunda mbele yake, na hakuona sababu ya yeye kuachwa bila kusalimiwa.

“Nitamusalimia kwanza,” akasema.

Magloire akacheka kwa shida. “Papa Président, mule hawasalimianake.”

“Atasalimiwa!”

Akatoa dola tano zake mwenyewe, si za likelemba, wakala akazituma, na kabla hujapenga kamasi zikatokea ndani ya Jeusi, zikimetameta, zimeongezewa na zawadi. Kona ikapiga vigelegele. Havugimana akainua kidole gumba juu kama mkuki, akakishusha, akaandika: Mama Sophie, salamu yako imefika. Sasa rudisha, nione, nikuletee zingine mingi.

Sophie akajibu mara moja. Mpendwa Anastase, kwa nini uondoke mapema?

Siondoki, akaandika shujaa. Nakusalimia. Rudisha.

Sophie akaeleza kwamba ili kutoa, ni lazima kwanza aweke zaidi, ili akaunti iamke. Havugimana akaandika kwamba hahitaji akaunti yenye usingizi, anataka noti yake. Sophie akasema kuna kodi ndogo ya kutoa. Havugimana akasema salamu hailipiwi kodi. Sophie akamtumia picha ya mtu amesimama kando ya gari jekundu. Havugimana akauliza kama huyo ni mume wake. Wakapigana hivyo alasiri yote, yeye na yule mwanamke wa meno meupe, neno kwa neno, kidole kwa kidole, mpaka betri ikaisha na akaenda kuchaji kwa kinyozi, akarudi vitani na nywele zilizonyolewa bila kuomba.

Jumamosi ikapambazuka, na Sophie alikuwa katika mkutano. Saa za mchana bado alikuwa katika mkutano. Magloire akaja na viatu vyake, akaona nyuso, akajua kwamba dakika hiyo ndiyo yake.

“Papa Président, tano ni kitu kidogo, njo maana wanachelewa. Plateforme haifunguke kwa tano. Weka likelemba yote, utaona mulango itafunguka, utatoa yote pamoja na ile tano yako.”

Na hapa nawaomba msimcheke Havugimana, maana nilimwona usoni. Aliapa juu ya kiti mbele ya kona nzima. Kijani limemfukuza, Tausi limemkana, na sasa akirudi nyuma atakuwa rais aliyeshindwa na noti ya tano. Jua lilishaanza kuinama upande wa Sake. Jasho lilimtoka. Akageuka, na kwa sauti ndogo isiyo yake akasema:

“Kahambu. Leta.”

Kahambu akaweka mkono kwenye fundo la kitenge. Fundo likaanza kulegea. Ndipo Uwizeye akainuka kutoka ncha ya mstari, akatembea mbele ya meza zote mpaka chini ya mwavuli wa manjano, na yeye ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake ikipanda, aliipandisha.

“Papa Président, siku nilifika apa nilikuwa natoka mu turubai. Nilikuwa na njaa, na watoto nyuma. Mulinipatia noti ya salamu. Ile noti nilijua inaweza kunilisha siku mbili, na njia ya kukimbia nilikuwa naiona. Nikarudisha. Mukanipatia kiti. Uyu Sophie hana njaa. Meno yake bote tunayaona. Juu ya nini yeye anapewa kiti bila kurudisha?”

Chukudu ilipita na viazi, mwenyewe akaisimamisha kusikiliza. Havugimana aliitazama simu, kisha akamtazama Uwizeye, kisha akavua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata kwa ajili ya Tausi.

“Mama Uwizeye,” akasema, “unisamehe. Nilikuwa nataka kuwa mukubwa.”

Kisha akaivaa tena kofia, na aliyeivaa alikuwa Havugimana mwingine. Sauti ikamrudia, kifua kikamrudia, akageuka kwa Magloire kama mzinga unavyogeuzwa kwenye gurudumu lake:

“Magloire! Huyu mugeni nani alimuleta apa?”

Magloire akaanza kueleza habari za soko, kwamba yen imeshuka, kwamba Jumamosi masoko ya dunia hulala. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemtukana. Walimletea kiti tu. Wakamketisha katikati, nao wakasogeza viti vyao wakamzunguka, Kahambu akamkaribisha sambaza za kukaanga katika kipande cha gazeti, na wote wakamtazama kwa upole, wakingoja, kama watu wenye siku nzima. Magloire alikula sambaza moja. Alikula ya pili. Mwishowe akaingiza mkono ndani ya suti ya buluu, akatoa noti ya dola tano, akaiweka mezani.

Havugimana akaiinua mbele ya jua. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akainusa, akaipindua, na hata Birere ilionekana imesimama. Kisha akaishusha.

“Nzuri,” akasema.

Ukapanda ukelele ambao nina hakika ulisikika ng'ambo ya mpaka. Tano imerudi! Wangapi katika mji huu waliingia kwenye majukwaa hayo na mishahara, na mashamba, na mbuzi wa mahari, wakatoka na picha ya gari jekundu? Havugimana aliingia na tano, akatoka na tano. Akakiweka kidole gumba juu ya alama ya Jeusi, akakikandamiza bila huruma, Sophie na meno yake yote wakapotea kwenye kioo kilichopasuka.

“Kahambu, sasa fungula. Si kwa telefone. Kwa mwenyewe.”

Uwizeye hakungoja hata hotuba. Alikimbia na fundo lile kifuani, na Kahambu nyuma yake, na mimi nikaacha mikanda yangu bila mlinzi nikawafuata. Yule mteja mwingine alikuwa dukani tayari, ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, anaijaribu, anatabasamu. Mfanyabiashara alikuwa mlangoni akilitazama jua. Lilikuwa limebaki jembamba kama ganda la kitunguu. Uwizeye akapita katikati yao. Aliweka fundo juu ya meza ya duka, akaweka mikono yake yote miwili juu ya cherehani, akawa hawezi kuiondoa. Mteja yule akatazama mikono hiyo, akainuka, akampisha.

Ikaletwa konani juu ya chukudu, imefungwa kwa kamba kama bibi harusi anayeogopewa kukimbia. Na hapo Kahambu, asiyesahau kitu, akasema kwa sauti ya juu:

“Na kiapo, Papa Président? Ulisema utachagua plateforme mbele jua ilale.”

Havugimana akapanda juu ya kiti chake. Akaitazama chukudu, akaitazama cherehani, akamtazama Uwizeye aliyekuwa akiipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge huku akilia bila kujificha. Akanyoosha mkono.

“Nimechagua! Iko na pedali!”

Jua likalala palepale, na kwa hiyo hakuna wa kona ya pili atakayeweza kusema kiapo hakikutimizwa.

Jumatatu asubuhi Uwizeye akaiweka cherehani yake ncha ya mstari, kando ya vocha, na mteja wa kwanza alikuwa rais mwenyewe. Suruali yake ilikuwa imefunguka nyuma kwa kupanda na kushuka kiti siku zote zile za vita. Akaiweka mikononi mwa fundi, akakaa kwenye meza yake akibadilisha fedha amejifunga kitenge cha Mukantwari chenye maua, na ole wake mteja aliyethubutu kutazama chini. Uwizeye akamtajia bei. Akalipa bila kubishana.

Andikeni basi, ninyi mnaoandika mambo makubwa ya miji, mwandike na hili, mbele ya majina ya wakubwa wenu: kwamba katika kona yetu ya Birere, Havugimana mwana wa Habineza alikuwa mtu wa kwanza aliyeweka kitu asubuhi, akakidai jioni, akakabidhiwa chote pamoja na faida ya mshono mpya, na kitu hicho kilikuwa suruali.